Ice Age 5: Kimondo Kisichomgusa Mtu

Zima sauti, utazame filamu ya uhuishaji Ice Age: Collision Course kwa macho tu. Kwa picha, inazipita zote nne zilizoitangulia. Manyoya ya mamothi Manny, yule tembo wa kale, yanapepea unywele kwa unywele, theluji inaonekana ina uzito, na ule mji wa fuwele uliojificha ndani ya jiwe la angani unaupinda mwanga kwa namna ambayo studio yenye mfuko mdogo ingeikwepa mapema. Sasa washa sauti. Haitapita nusu saa utaanza kuchungulia umebakiza dakika ngapi.

Kwa hiyo lawama tusiitupie kompyuta. Sehemu hii ya tano ya mwaka 2016 iliangushwa na jambo ambalo sehemu ya kwanza ililipatia tangu mwanzo: hatari inayowakabili hawa wanyama imeletwa na nani, na kwa nini wawe wao na si wengine?

Tuanzie huko kwa kwanza, kwa sababu bila kuikumbuka ile filamu malalamiko haya yanakosa mizani. Ice Age ilitoka 2002, ikiongozwa na Chris Wedge pamoja na Carlos Saldanha, na ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya Blue Sky Studios. Ina dakika 81 tu. Mamothi, slothi na chui mwenye meno ya upanga wanambeba mtoto wa binadamu kumrudisha kwao. Mamothi huyo, Manny, aliuliwa mke na mtoto na wawindaji, jambo tunalolijua kupitia michoro ya ukutani pangoni bila yeye kutamka neno. Chui, Diego, ametumwa na mkuu wa kundi lake, Soto, ambaye anamtaka mtoto huyo ili alipize kisasi kwa binadamu. Diego anajifanya mwenyeji wa njia, kumbe anawapeleka wenzake mtegoni.

Yaani hatari inatembea nao. Inakula nao, inataniwa na Sid, yule slothi, inalala karibu na moto wao. Kila kichekesho cha safari kinabeba na usaliti ndani yake, na ndiyo maana filamu haikuhitaji milipuko mingi. Diego akibadilika moyo, hadithi imegeuka. Asipobadilika, mtoto amekufa. Uzi ni mmoja, na wahusika watatu wanauvuta pande tatu.

Waandishi wake walikuwa wakali kwenye kukata pia. Kulikuwa na slothi wa kike aitwaye Sylvia, aliyemng'ang'ania Sid, na vipande vyake vilishatengenezwa. Vikatolewa. Ukivitazama kwenye sehemu ya ziada ya DVD unaona sababu mara moja: vinachekesha, lakini kila Sylvia anapoingia, mtoto anasahaulika. Mkumbuke Sylvia, maana katika sehemu ya tano ni kama akina Sylvia wote walipewa ruhusa ya kubaki.

Zilizofuata hazikuwa mbaya, na hapa natofautiana na wanaosema mfululizo ulikufa baada ya ya kwanza. The Meltdown ya 2006 iliihamishia hatari kwenye maumbile: barafu inayeyuka, bonde litafurika, kila mnyama akimbilie chombo kilichoko mwisho wa bonde. Hakuna aliyeyaleta mafuriko. Lakini Manny alipewa jambo linalokwenda sambamba nayo. Anaamini yeye ndiye mamothi wa mwisho, na mamothi mwingine anayekutana naye, Ellie, amelelewa na oposamu mpaka anajiona oposamu. Maji yanapopanda, swali la kama ukoo wake utakwisha linapanda nayo.

Dawn of the Dinosaurs ya 2009 ndiyo iliyopangwa vizuri kuliko miendelezo yote. Manny na Ellie wanatarajia mtoto, Sid anajiona ametupwa pembeni, anaokota mayai matatu makubwa na kuyafanya wanawe. Mama wa mayai, dinosaria mla nyama, anakuja kuwadai, anaondoka na watoto pamoja na Sid mwenyewe, na wenzake wanateremka chini ya ardhi kumtafuta. Fuata mnyororo huo pete kwa pete: kila moja imefungwa na uamuzi wa mtu. Continental Drift ya 2012 ilianza kuyumba, kwani mabara yanapasuliwa na kindi Scrat kwa bahati mbaya. Hata hivyo Manny anatenganishwa na binti yake Peaches punde tu baada ya kugombana naye, kwa hiyo bahari iliyo kati yao ina maana. Na kulikuwa na Kapteni Gutt, nyani wa kiharamia juu ya meli ya barafu, adui mwenye chuki inayoeleweka.

Halafu ya tano. Scrat, akihangaika na kokwa yake ya mwaloni, anakiwasha chombo cha anga kilichozikwa kwenye barafu. Chombo kinapaa, anagongagonga sayari, na mwamba mkubwa unaelekea duniani. Chini huku Manny na Ellie wanahuzunika kwa kuwa Peaches anaolewa na Julian na kuhamia mbali. Kicheche Buck anatoka chini ya ardhi na nguzo ya kale yenye michoro inayoonyesha kwamba miamba kama hii huanguka mahali palepale. Basi wote wafunge safari mpaka huko, wajue kinachoivuta, waigeuze njia.

Angalia kilichokosekana. Hakuna hata mmoja kati ya hao wasafiri aliyefanya lolote kuuleta ule mwamba. Hakuna anayeweza kuuzuia kwa kubadilika tabia, wala kuuharakisha kwa kukosea. Badilisha mwamba uwe tufani, tetemeko au nzige, na mazungumzo ya Manny na mkwe wake yatabaki yalivyo, neno kwa neno. Hiki ni kipimo kinachotumika kwa mwendelezo wowote: ikiwa hatari inaweza kung'olewa na kupandikizwa nyingine bila tukio la familia kuhitaji kuandikwa upya, ujue waandishi walikuwa na hadithi mbili zilizoshonwa kwa uzi mwembamba.

Kosa la pili ni la hesabu. Tuorodheshe nyuzi za filamu hii. Manny na Ellie na harusi ya binti. Manny aliyesahau siku ya kumbukumbu ya ndoa yake. Diego na mwenzi wake Shira wanaotaka mtoto ilhali watoto wa wengine wanawaogopa. Sid aliyeachwa na mchumba, kisha akapata mwingine, Brooke. Bibi yake Sid. Oposamu wawili, Crash na Eddie. Buck na nguzo yake. Ndege-dinosaria watatu wanaowafuata: baba Gavin, binti Gertie, kijana Roger. Shangri Llama na wakazi wa mji wa fuwele. Na Scrat angani. Hizo ni kumi. Filamu ina dakika 94. Toa orodha ya watengenezaji inayopita mwishoni na vipande vya Scrat, unabaki na takriban dakika 75 za kugawa kwa nyuzi tisa, kama dakika nane kila mmoja, na hizo nane zimekatwakatwa vipande vya sekunde arobaini.

Ndiyo maana suala la Diego na Shira halifiki popote. Linatajwa, linafanyiwa mzaha, linaachwa njiani, linarudi mwishoni likiwa limeshatatuliwa. Huyu ndiye Diego aliyeibeba filamu ya kwanza mgongoni.

Ukitaka kuona mzigo umemwangukia nani, kaa na karatasi. Andika majina ya wahusika wote, na kila mmoja anapofanya uamuzi unaobadilisha mwelekeo wa safari, mwekee alama. Kusema hakuhesabiki. Kuchekesha hakuhesabiki. Kukimbia pamoja na wengine hakuhesabiki. Utakuta alama nyingi ni za Buck: yeye anasoma nguzo, yeye anachagua njia, yeye anabuni mpango. Manny, ambaye jina lake ndilo la kwanza kwenye mfululizo huu, amegeuka abiria. Fanya zoezi hilohilo kwenye filamu ya kwanza na alama zitagawanyika kwa watatu karibu sawasawa.

Sehemu inayoniuma zaidi, hata hivyo, ni mji wa fuwele, Geotopia, kwa sababu hapo waandishi walikuwa wamelishika jambo mkononi wakaliachia. Zile fuwele, masalia ya mwamba uliotangulia, zina nguvu ya sumaku, na pia ndizo zinazowafanya wakazi wa mji wasizeeke. Buck anazihitaji: zikirundikwa pamoja na kurushwa angani, zitauvuta mwamba unaokuja uende kando. Kwa hiyo, ili dunia ipone, wakazi hao wapoteze ujana wao. Na kiongozi wao, Shangri Llama, hataki. Huu ni mtanziko wa kweli, na unagusa jeraha la Manny moja kwa moja: yeye naye anataka kuusimamisha muda, binti asikue, asiondoke. Hapa ndipo angesimama mbele ya watu waliogoma kuzeeka akajiona kama kwenye kioo.

Badala yake Sid anang'oa fuwele moja, mji wote unabomoka, wakazi wanarudiwa na umri wao halisi papo hapo. Tatizo limekwisha kwa ajali. Hakuna aliyeshawishiwa, hakuna aliyechagua kuachia. Kisha mwishoni kipande kingine cha mwamba kinatua kwenye chemchemi ya moto na ujana unarudi. Gharama iliyolipwa na kila upande: sifuri.

Kwa nini basi kuujenga mji huo kwa fedha nyingi namna ile? Nadhani jibu liko kwenye historia ya studio yenyewe. Blue Sky ilianzishwa 1987 na watu waliokuwa wamefanya kazi kampuni ya MAGI, iliyoshiriki kutengeneza picha za kompyuta za filamu ya Tron ya 1982. Fahari yao ilikuwa programu waliyoiandika wenyewe, iliyofuatilia miale ya mwanga inavyogonga kitu, kupenya, kupinda na kudunda, enzi ambazo wengi waliona hesabu hizo ni nzito mno kwa filamu. Filamu yao fupi ya Bunny, iliyoshinda Oscar, ilitembea juu ya msingi huo. Kwa programu kama hiyo, fuwele ni uwanja wa nyumbani. Lakini mahali panapochaguliwa kwa sababu mashine inaweza kupachora pana tabia ya kubaki maonyesho. Barafu ya filamu ya kwanza ilikuwa sahili kwa picha, na bado iliwatelezesha, ikawatenga, ikawafungia njia. Geotopia inamzuia nani?

Scrat anastahili aya zake. Kanuni zake ni chache na ndizo zinazomfanya amchekeshe mtu yeyote wa lugha yoyote: hasemi, anataka kitu kimoja, na ulimwengu unamwadhibu kwa sheria tunazozijua. Barafu ikipasuka, tunajua ufa utafika wapi kabla hajajua yeye. Kicheko kinatoka kwenye kungoja.

Mtie ndani ya chombo cha anga chenye vitufe na kanuni zinavunjika. Kitufe kinaweza kufanya chochote, kubana uzito, kufungua mlango, kumrusha huku na kule, na mtazamaji hana namna ya kubashiri. Bila kubashiri hakuna kungoja. Tunachobaki nacho ni mfululizo wa mambo yanayotokea. Ongeza kwamba kipande cha kupaa kilikuwa kimeshaonyeshwa Novemba 2015 kama filamu fupi, Cosmic Scrat-tastrophe, mbele ya The Peanuts Movie. Miezi minane kabla, mtazamaji mwaminifu alishacheka kicheko chake cha kwanza na kukimaliza.

Na tena, katika filamu ya kwanza Scrat alikuwa na kazi. Kuna mahali anajaribu kwa ishara kuwaonya Manny na Sid kuhusu kundi la chui, na Diego anamtupilia mbali kabla hajaeleweka. Kichekesho hicho kiko ndani ya uzi. Katika ya tano yuko peke yake angani tangu mwanzo mpaka mwisho, na kila tunapokatiwa kwenda kwake, safari ya chini inapoteza kasi ambayo haikuwa nyingi.

Kuhusu maadui, kwa ufupi: Gavin anataka mwamba uanguke, eti mamalia waangamie na wao wanaoruka wasalimike juu. Hata mtoto ataliuliza swali linalofuata, na Roger analiuliza, na jibu la kutosha halipo. Halafu moyo wa baba unageuzwa dakika za mwisho. Linganisha na Soto, ambaye alikuwa na sababu moja tu na hakuiacha.

Nisiseme hakuna kizuri. Kuingia kwa Buck ni dakika chache zinazostahili filamu bora zaidi: anaokoa yai la dinosaria huku akiimba wimbo wa Figaro wa Rossini kwa maneno yake mwenyewe, kamera ikimfuata kwa mzunguko mrefu kama vile haijakatwa. Simon Pegg, anayempa sauti, anafurahia kila silabi. Na Julian, mkwe, ameandikwa kwa huruma. Ni mchangamfu asiye na ubaya, jambo linalomnyima Manny kisingizio cha kumchukia. Hapo palikuwa na filamu.

Unaweza kuuliza kwa nini mtu hakulikata hili mapema. Mtambo wa uhuishaji haukubali kukatwa kirahisi. Hadithi huanzia kwenye michoro ya mkono inayopangwa na kurekodiwa kwa sauti za muda, na wakati huo kubadilisha tukio kunagharimu siku chache za mchoraji. Baada ya hapo mhusika anachongwa kwenye kompyuta, anapewa mifupa ya ndani ya kumwendesha, ngozi, manyoya, mwigizaji wa sauti. Ikifika hapo kumtoa ni kutupa kazi ya watu wengi. Na kwa fremu 24 kila sekunde, dakika 94 ni fremu zaidi ya 135,000, ambazo zote zinahitaji kuhuishwa, kutiwa mwanga na kukokotolewa. Uzi usiokatwa kwenye michoro utafika ukumbini, kwa kuwa hakuna atakayethubutu kuugusa baadaye. Filamu yenye nyuzi kumi ni filamu ambayo kikao fulani cha awali hakikusema hapana.

Fedha zinaeleza yaliyobaki. Ya kwanza ilitengenezwa kwa dola milioni 59 hivi na kuingiza takriban milioni 383 duniani, 176 kati ya hizo zikitoka Marekani. Ya tatu ilifika milioni 886, ya nne 877, lakini ndani ya Marekani ya nne ilishashuka hadi 161. Yaani mfululizo ulikuwa umehamia nje: sehemu ya Marekani ilitoka asilimia 46 ya mapato hadi 18. Mwenye kusoma hesabu hizo angeamua kama walivyoamua, ongeza vituko vya mwili, ongeza nyuso, panua hatari mpaka angani, kwani hivyo vinasafiri vizuri kuliko mazungumzo. Ya tano ilipewa bajeti ya dola milioni 105, ikatoka Marekani tarehe 22 Julai 2016, wiki mbili baada ya The Secret Life of Pets, huku Finding Dory ikiwa bado ukumbini. Ilipata milioni 64 Marekani na takriban 408 duniani kote, chini ya nusu ya ya nne. Safari hii hata kule nje walichoka.

Ningepewa mkasi, ningeanza kwa kuondoa ndege-dinosaria wote watatu, suala la siku ya kumbukumbu ya ndoa, na mchumba wa Sid. Scrat ningempasulia barafu, si sayari. Ningebaki na Manny, Ellie, Peaches, Julian, Diego, Sid na Buck. Mwamba ungekuwepo, lakini Manny angekuwa wa kwanza kuuona, na angenyamaza au angetia chumvi, ili binti asiondoke. Hapo hatari ingekuwa na mkono wa mtu ndani yake. Wakifika Geotopia, wakazi wangeulizwa wachague, na wa kuwauliza angekuwa yeye Manny, akiwa na uongo wake mdomoni. Ujana uliopotea usingerudi. Filamu ingekuwa fupi kwa dakika kumi hivi, na fuwele zilezile nzuri zingekuwepo.

Disney iliinunua Fox, iliyoimiliki Blue Sky, 2019, na Blue Sky ikafungwa Aprili 2021. Mwaka uliofuata The Ice Age Adventures of Buck Wild ilitolewa kwenye Disney+, bila sauti za zamani za Manny, Sid na Diego, na bila Scrat kabisa. Hiyo ilitibu wingi wa wahusika kwa kuwatoa wasiotakiwa kutoka. Simon Pegg alibaki, akabebeshwa filamu nzima, na ikaonekana wazi kwamba Buck ni kiungo, si mlo.

Sasa ya sita imetangazwa, Ice Age: Boiling Point, ikipangiwa Februari 2027, na waigizaji wa sauti Ray Romano, John Leguizamo, Denis Leary na Queen Latifah wamerudi. Jina linaashiria joto, kwa hiyo huenda hatari itakuwa kubwa tena. Mimi nitakuwa na karatasi yangu robo saa ya kwanza: wasafiri ni wangapi, na nani kati yao ameuwasha moto.